Wanaoanza mwaka wa kwanza Mbeya na Iringa: kalkulasi mnaiweza, kinachowaangusha ni aljebra

Loleza Juu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Majina ya udahili yakishatoka huwa napokea ujumbe mwingi kutoka kwa wadogo zangu wanaokuja kuanza chuo huku Nyanda za Juu Kusini: wa uhandisi, wa kompyuta, wa ualimu wa hisabati na fizikia. Swali lao linafanana: "Kaka, hiyo kalkulasi ya semista ya kwanza tunaipitaje?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja naweka uzi, na waliotangulia waongezee.

Niko mwaka wa tatu uhandisi hapa Mbeya. Jioni huwa nakaa na wa mwaka wa kwanza kwenye disikasheni, wananiletea testi zao zikisharudishwa tunazipitia pamoja. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye karatasi za watu, yamezungushiwa wino mwekundu.

Mwanafunzi anasoma swali, anajua hili ni la limiti (thamani ambayo fanksheni inaielekea) au hili ni la kudifarenshieti (kutafuta derivativu, yaani kasi ya mabadiliko au mteremko wa grafu), anachagua kanuni inayotakiwa, mstari wa kwanza anaandika vizuri kabisa. Mstari wa tatu anapotea. Na pale anapopotelea hakuna kalkulasi yoyote. Ni kufungua mabano, ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ni kipeo hasi, ni kipeuo cha pili. Mambo ya kidato cha kwanza mpaka cha tatu.

Chukua swali la kawaida sana: tafuta limiti ya (√(x+4) − 2)/x, x ikielekea 0. Ukiweka 0 moja kwa moja unapata 0/0, na hiyo haikwambii lolote. Njia ni kuzidisha juu na chini kwa √(x+4) + 2. Juu kunabaki x + 4 − 4, yaani x, inakatana na x ya chini, unabaki na 1/(√(x+4) + 2). Sasa peleka x kwenye 0, jibu ni 1/4. Swali limeisha.

Lakini karatasi baada ya karatasi unakuta mtu kaandika √(x+4) = √x + 2. Akishaandika hivyo, kila kinachofuata kimeharibika: anabaki na 1/√x, anaona inakua bila mwisho, anaandika "limiti haipo", alama zote zimekwenda. Huwa namwambia aweke x = 5. Kushoto ni √9, yaani 3. Kulia ni √5 + 2, zaidi ya 4. Anaona mwenyewe papo hapo, wala simwelezi tena. Shida ni kwamba hakuzoeshwa kujaribu namba anapokuwa na shaka.

Jingine ni (x+h)² kuandikwa x² + h². Hili ni baya kwa sababu linakuja wiki zile zile unapofundishwa kutafuta derivativu kuanzia kwenye maana yake. Unachukua thamani ya fanksheni kwenye x+h, unatoa thamani yake kwenye x, unagawanya kwa h, halafu unapeleka h kwenye sifuri. Kwa x² ukifungua mabano vizuri unapata (2xh + h²)/h, yaani 2x + h, na jibu ni 2x. Ukiisahau ile 2xh unabaki na h peke yake, inakwenda sifuri. Maana yake umesema grafu ya x² haina mteremko popote, ni mstari uliolala! Na mtu anaiacha hivyo hivyo, anageuza ukurasa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wadogo zangu: muda huu mnaosubiri chuo kifunguliwe msikimbilie video za intigrali. Tafuta kitabu cha hisabati cha kidato cha pili na cha tatu, cha mdogo wako au cha jirani, fanya mazoezi ya aljebra mpaka mkono uende wenyewe. Vipeo na logi. Kutafuta vigawo vya mlinganyo wa kwadratiki. Sehemu zenye herufi chini. Halafu trigonometria: sin² + cos² = 1, na thamani za pembe za nyuzi 30, 45 na 60 bila kushika kalikuleta.

Karibuni tujadili.

---

Mnyaki wa Busokelo

Ndaga fijo kaka kwa uzi huu. Mimi nimepita njia ya stashahada, sikwenda kidato cha tano na sita. Hisabati ya stashahada tuliisoma, ila Advanced kamili sijaigusa. Nimechaguliwa uhandisi mitambo. Naambiwa na watu kwamba tutachanganywa darasa moja na waliotoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) na kwamba wao hayo yote wameshayasoma. Je, tunaotoka stashahada tunaanza tukiwa nyuma?

---

Loleza Juu

Mdogo wangu, kwenye orodha ya mada, ndiyo, wa PCM wanakuwa mbele. Kudifarenshieti na kuintigreti wamevifanya tangu kidato cha tano. Lakini hilo lina upande wake mbaya pia. Wengi wao wiki za mwanzo hawaingii darasani kwa moyo, wanaona marudio. Somo linawapita pale linapogeuka, kwenye maana ya limiti, mwendelezo (grafu isiyokatika) na teoremu ya thamani ya wastani, halafu testi inaulizwa humo humo.

Nyie wa stashahada mna karakana mikononi. Ukiambiwa kasi ya mabadiliko ya joto au ya shinikizo unajua ni kitu gani, umeshakisoma kwenye geji. Kinachowapungukia ni ile aljebra niliyoisema, na hiyo inatibika kabla ya chuo.

---

Mwalimu Kihesa

Habari vijana. Nafundisha hisabati sekondari hapa Iringa, na ualimu wangu niliusomea Mkwawa. Nimesoma uzi huu kwa furaha, ila mwanzisha uzi naomba nitofautiane nawe kidogo.

Aljebra inaangusha, sikatai. Lakini nimeona wanafunzi wenye aljebra safi kabisa ambao wanaanguka vile vile, kwa sababu hawajui wanachokitafuta ni nini. Mwambie adifarenshieti x³ − 4x, atakupa 3x² − 4 kabla hujamaliza kusoma swali. Muulize sasa: kwenye x = 1 hiyo fanksheni inapanda au inashuka? Ananyamaza. Jibu analo mkononi, ni 3 − 4 = −1, inashuka, lakini hajui kwamba analo.

Limiti nayo hivyo hivyo. Chukua (x² − 9)/(x − 3), x ikielekea 3. Wanajua kuvunja juu kuwa (x − 3)(x + 3), wanakata, wanapata 6. Ukiwauliza thamani ya fanksheni hiyo pale kwenye 3 ni ngapi, wanasema 6. Si 6! Pale kwenye 3 fanksheni haina thamani, huwezi kugawa kwa sifuri. Ila kwenye 2.9 ni 5.9, kwenye 2.99 ni 5.99, na ukija kutoka upande wa juu kwenye 3.01 ni 6.01. Inakaribia 6 kutoka pande zote mbili, na hicho ndicho limiti inachokisema: kule inakoelekea, hata kama haifiki. Asiyelishika hili wiki ya kwanza, mwendelezo hatauelewa, na derivativu ataikariri tu, kwa sababu derivativu yenyewe ni limiti.

Wenzetu wa zamani walihangaika nalo pia. Leibniz alichapisha kanuni zake za kalkulasi mwaka 1684, Newton alikuwa na zake tangu miaka ya 1660, na watu wakazitumia kwa miaka mingi wakipata majibu sahihi bila kuweza kueleza vizuri kile kiasi kidogo kinachokwenda sifuri ni kitu gani. Mwaka 1734 askofu mmoja, Berkeley, akaandika kuwapinga, akiuliza ni kiasi gani hicho ambacho mara kipo, mara hakipo. Maelezo ya limiti yaliyotulia yalikuja karne ya 19 kwa akina Cauchy na Weierstrass. Kwa hiyo kijana usione aibu limiti ikikusumbua, lakini usiiruke.

---

Binti Makambako

Mwalimu shikamoo. Nakazia pande zote mbili, mimi nimemaliza mwaka wa kwanza ualimu wa sayansi.

Nilisoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), kwa hiyo hisabati yangu ya kidato cha tano na sita ilikuwa BAM (Basic Applied Mathematics). BAM inakugusisha kudifarenshieti na kuintigreti kwa juu juu, inatosha usishtuke ukiziona alama. Haitoshi kukupitisha.

Nataka niseme kuhusu madesa, maana hapo ndipo marafiki zangu wengi walipokwama. Ukifika tu chuo utapewa desa la kalkulasi lililopita mikono ya watu wengi, limedurufiwa mpaka maandishi yamefifia, maswali yote yamefanywa. Unalisoma usiku, unafuata hatua kwa hatua, unaona umeelewa kila kitu. Kesho yake mbele ya karatasi tupu huwezi kuanza. Kusoma jibu la mtu na kutafuta jibu ni kazi mbili tofauti, na mtihani unakupa ile ya pili.

Kilichonisaidia ni kufunika jibu kwa karatasi. Nafanya swali peke yangu mpaka nikwame kweli kweli, nafunua mstari mmoja tu, nafunika tena, naendelea. Baada ya siku mbili tatu nalirudia lile lile bila kufunua chochote. Inachosha na ni ya polepole, maswali manne ya namna hiyo yanaweza kumaliza jioni nzima. Ila yale manne ni yako.

Na disikasheni, jamani, muwe wachache. Mkiwa kumi na mbili anayeandika ubaoni ni kipanga mmoja, wengine mnanakili. Sisi tulikuwa wasichana wanne kwenye geto moja, kila mmoja anapewa swali la kuwafundisha wenzake, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, mpaka aliye nyuma kuliko wote aseme sasa nimeelewa. Mvua ya Desemba ikipiga bati tunasogeleana na kuongea kwa sauti ya juu, lakini tunaendelea.

---

Mnyaki wa Busokelo

Dada asante, hiyo ya kufunika nitaifanya. Naomba msaada: nimefungua maswali ya miaka ya nyuma, yale ya maelezo marefu yananitisha. Ya tenki linajazwa maji, ngazi inateleza ukutani. Sijui hata naanzia wapi.

---

Loleza Juu

Hayo ndiyo yanayobeba alama nyingi na ndiyo yanayokimbiwa, kwa hiyo niyaeleze kwa kirefu kidogo. Tuache ngazi, tuchukue kitu cha kwetu.

Umepita Mbarali wakati wa mavuno ukaona mashine za kukoboa mpunga. Nyuma ya mashine kuna bomba linatema pumba, chini rundo linakua, na rundo lina umbo la pia. Tuseme pumba zinatoka nusu mita ya ujazo kwa dakika, na zinavyomwagika, kimo cha rundo kinabaki sawa na nusu kipenyo cha kitako chake. Swali: kimo kinaongezeka kwa kasi gani rundo likiwa na kimo cha mita 1? Na likifika mita 2?

Kabla ya kuandika chochote, jiulize nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Ujazo V unabadilika, kimo h kinabadilika, nusu kipenyo r inabadilika. Kisichobadilika ni ile 0.5 kwa dakika. Kwa hiyo umepewa dV/dt, yaani kasi ya ujazo kubadilika kwa muda, unatafutiwa dh/dt, kasi ya kimo.

Ujazo wa pia ni V = πr²h/3. Ila r = h, tumeambiwa, kwa hiyo V = πh³/3. Umeshaondoa herufi moja. Sasa difarenshieti pande zote kwa muda. Kushoto ni dV/dt. Kulia, h³ inakuwa 3h², lakini h yenyewe inategemea muda, kwa hiyo kanuni ya mnyororo inadai uzidishe kwa dh/dt. Unapata dV/dt = πh² · dh/dt.

Hapo tu ndipo unapoweka namba. Kwenye h = 1: 0.5 = π · dh/dt, dh/dt ni kama 0.159, karibu sentimita 16 kwa dakika. Kwenye h = 2: 0.5 = 4π · dh/dt, unapata kama 0.04, sentimita 4 kwa dakika. Mashine ni ile ile, pumba ni zile zile, lakini kimo kinapanda mara nne polepole zaidi, kwa sababu rundo limetanuka na pumba zina sehemu kubwa ya kufunika. Ukisimama pale utaliona kwa macho: mwanzoni rundo linachomoka haraka, baadaye ni kama limegoma.

Kosa ambalo linaua watu hapa ni kuweka h = 1 mapema, kabla ya kudifarenshieti. Unapata V = π/3, namba tupu, na namba tupu ukiidifarenshieti ni sifuri. Mtu anaandika kimo hakiongezeki wakati pumba zinamwagika.

Na sasa Mwalimu Kihesa nakuelewa unachosema, maana swali hili huwezi kulianza bila kujua dh/dt ni kitu gani. Msimamo wangu ni wa mpangilio: aljebra imalizwe nyumbani kabla ya chuo, kwa sababu pale darasani hakuna atakayeirudia. Maana ianze siku ya kwanza ya lekcha.

---

Mwalimu Kihesa

Marahaba binti. Na mwanzisha uzi, hapo tumekubaliana. Swali la pumba nalichukua, nitawapelekea vijana wangu wa kidato cha sita.

---

Mpima Barabara

Wadau, mimi ni fundi sanifu wa barabara, nazunguka hizi barabara kuu za kwetu. Niliisoma kalkulasi nikiamini ni ya kupitia mtihani tu. Nataka niwape mfano mmoja wa kazini ili mnaoingia uhandisi ujenzi msiidharau.

Barabara inaposhuka kwenye bonde halafu ikapanda, kama zilivyo barabara zetu zote kuanzia Kitonga mpaka Tukuyu, huwezi kuunganisha mteremko na mpando kwa kona kali. Unaweka kipande kilichopinda, na umbo linalotumika sana ni parabola. Sababu ni ya kikalkulasi kabisa: kwenye parabola mteremko unabadilika kwa kiwango kile kile kila mita, derivativu ya pili haibadiliki, kwa hiyo gari halitupwi.

Tuseme barabara inashuka asilimia 4 halafu inapanda asilimia 6, na kipande cha kuunganisha kina urefu wa mita 200. Kimo kinakuwa y = −0.04x + 0.00025x², x ikihesabiwa kutoka mwanzo wa kipande. Sasa maji ya mvua yatakusanyika wapi? Pale chini kabisa. Pale chini kabisa ni mahali mteremko ni sifuri: −0.04 + 0.0005x = 0, x = 80.

Mita 80. Mtu asiyepiga hesabu ataangalia mita 200 aseme katikati ni 100, aweke mfereji wa kutolea maji pale. Maji yatasimama mita 20 nyuma yake. Na mnazijua mvua za huku kuanzia Novemba mpaka Aprili, maji yakisimama juu ya lami kwa msimu mzima lami inaanza kuchimbika.

Hiyo ni derivativu ya kwadratiki, swali la wiki ya nne au ya tano darasani.

---

Binti Makambako

Kaka huu mfano ungeletwa darasani kwetu watu wangekaa macho. Kwenye madesa yetu maswali ya kutafuta kikubwa zaidi na kidogo zaidi yalikuwa ya maboksi ya karatasi tu.

Mimi niliwafundisha wenzangu kwa shamba la viazi. Una uzio wa mita 120, shamba liko kando ya mto, upande wa mto hauhitaji uzio. Pande mbili zinazotoka mtoni ni x kila moja, upande wa tatu ni 120 − 2x. Eneo ni 120x − 2x². Derivativu ni 120 − 4x, iweke sifuri, x = 30, upande mrefu 60, eneo mita za mraba 1,800. Watu wengi wanadhani mraba ndio mkubwa zaidi. Jaribu mraba wa 40 kwa 40: unapata 1,600.

---

Msukuma Mgeni Uyole

Wakuu kuna mtu anieleze kuhusu kalikuleta. Nimeambiwa nikiiweka vibaya naweza kukosa swali zima la trigonometria. Kidato cha nne tulitumia kitabu cha majedwali, kalikuleta nimeizoea kidato cha tano na sita tu.

---

Loleza Juu

Ni kweli mkuu. Kalkulasi yote ya trigonometria inataka radiani (kipimo cha pembe ambacho nyuzi 180 ni π). Ile kanuni kwamba derivativu ya sin x ni cos x ni ya radiani tu. Msingi wake ni limiti ya sin x / x, x ikielekea 0, ambayo ni 1. Jaribu mwenyewe: kalikuleta ikiwa kwenye radiani, sin 0.1 gawanya kwa 0.1 ni 0.998, unaona inakwenda 1. Ikiwa kwenye nyuzi unapata 0.01745, ambayo ni π/180. Ukipata namba ya ajabu kama hiyo ujue ulisahau kubadili. Angalia juu ya kioo: D ni nyuzi, R ni radiani. Iangalie kabla ya kila testi, maana kalikuleta zinaazimwa na zinarudi zimegeuzwa.

---

Msukuma Mgeni Uyole

Shukrani. Na ile kanuni ya L'Hôpital? Sisi wa PCM tunaitumia kila 0/0, inamaliza haraka. Sin x / x unadifarenshieti juu na chini, cos x / 1, unapata 1.

---

Mwalimu Kihesa

Kijana, hapo simama. Kwa sin x / x umezunguka. Ili ujue kwamba derivativu ya sin x ni cos x ulihitaji kwanza kujua limiti ya sin x / x. Huwezi kutumia jibu kuthibitisha jibu lenyewe. Kwenye uthibitisho mkufunzi makini atakukata. Limiti hiyo inathibitishwa kwa eneo la pembetatu na la kipande cha duara, tafuta mchoro huo uuelewe, ni mzuri na ni mfupi.

Pia soma maelekezo ya swali. Likisema "kwa kuanzia kwenye maana" au "bila kutumia kanuni ya L'Hôpital", hata ukipata jibu sahihi kwa njia hiyo hupewi kitu. Na kanuni inafanya kazi kwa 0/0 na kwa isiyo na mwisho juu ya isiyo na mwisho tu. Nimeona watu wanaitumia kwa (x+1)/(x+2) x ikielekea 0, wanaandika 1, wakati ukiweka 0 tu jibu ni 1/2.

Jina lake lilitokana na kitabu cha Mfaransa huyo cha mwaka 1696, ingawa kanuni yenyewe aliipata kwa Johann Bernoulli, aliyekuwa akimfundisha.

---

Mnyaki wa Busokelo

Na intigrali je? Mbona hamjaigusa.

---

Loleza Juu

Kwenye semista ya kwanza intigrali huwa inakuja mwishoni, watu wameshachoka, na wengine wanaiacha wakitegemea alama za testi ziwabebe mpaka UE (mtihani wa mwisho wa semista). Usifanye hivyo, UE inaiuliza.

Ukiwa na derivativu imara, intigrali ni kuuliza swali kinyumenyume: ni kitu gani nikikidifarenshieti napata hiki? Uzuri wake ni kwamba jibu lako unaweza kulikagua mwenyewe. Kwa mfano intigrali ya 2x(x² + 1)³. Unaona 2x ni derivativu ya kilicho ndani ya mabano, kwa hiyo unaweka u = x² + 1, inabaki u³, jibu (x² + 1)⁴/4 + C. Sasa lidifarenshieti: 4 inakatana na 4, mabano yanashuka kuwa kipeo cha 3, unazidisha kwa 2x. Umerudi ulikoanzia, basi umepata. Inachukua sekunde chache, na sijui kwa nini watu wengi hivi wanatoka kwenye chumba cha mtihani bila kuwa na uhakika na swali ambalo lingeweza kuwapa uhakika.

C msiisahau. Ni alama, na inakuwa muhimu zaidi mkifika milinganyo ya difarenshali.

Jambo jingine: ukikwama muone mkufunzi ofisini mapema, wiki ile ile. Wengi wanaogopa kwenda wakiwa na swali "dogo". Nenda na karatasi yako uliyojaribu, mwonyeshe mstari ulipokwama. Karibu wote watakusaidia. Ukienda siku mbili kabla ya testi na kusema hujaelewa kalkulasi, hata mwenye moyo mzuri hana pa kuanzia.

---

Mnyaki wa Busokelo

Kaka, nimekaa na lile swali la pumba, nikalibadilisha. Nimesema rundo limelala zaidi, nusu kipenyo ni mara mbili ya kimo. r = 2h. Kwa hiyo V = π(2h)²h/3 = 4πh³/3. Nikadifarenshieti kwa muda: dV/dt = 4πh² · dh/dt. Kwenye h = 1, 0.5 = 4π · dh/dt, nimepata kama 0.04, sentimita 4 kwa dakika. Nimeikagua mara mbili. Iko sawa?

---

Loleza Juu

Iko sawa kabisa, na mabano ya (2h)² umeyafungua vizuri, wengi wangeandika 2h². Sasa kwa rundo hilo hilo, kwenye kimo hicho hicho, niambie kitako kinatanuka kwa kasi gani: tafuta dr/dt, halafu kasi ya kuongezeka kwa eneo la sakafu lililofunikwa na pumba. Funika jibu la Binti Makambako kama atawahi kuliweka.

---

Binti Makambako

Siweki mpaka yeye aweke kwanza.

---

Mnyaki wa Busokelo

r = 2h, kwa hiyo dr/dt = 2 · dh/dt, sentimita 8 kwa dakika. Eneo A = πr², dA/dt = 2πr · dr/dt. Kwenye h = 1, r ni 2, kwa hiyo 4π mara dr/dt. Nikiacha dr/dt kama 1/(4π) bila kuigeuza desimali, π inakatana na 4 inakatana. Mita ya mraba 1 kwa dakika.

---

Mwalimu Kihesa

Sahihi. Na umefanya vyema kuiacha π mpaka mwisho.